Samaki wa Mkalimani

Jumapili mchana, sisi wengine wa ploti tukiwa tumetoka kanisani na masufuria yako jikoni, Mkalimani alikuwa amepiga magoti sakafuni kwake, mkono wa shati umekunjwa hadi kwapani, akivuta maji machafu kwa mpira kutoka kwenye tangi la kioo. Alivuta kwa mdomo, jinsi madereva wanavyovuta petroli, kisha akauelekeza mpira kwenye karai. Mara nyingine alichelewa kuutoa mdomoni. Alitema, akasukutua, akasema "Astaghfirullah," akaendelea na kazi. Siku tano za wiki alikuwa mtu wa koti na tai. Kazini kwetu ni mimi peke yangu niliyewahi kumwona na uchafu wa samaki kwenye ndevu.

Wote tulimwita Mkalimani. Hakimu alimwita hivyo, askari walimwita hivyo, hata mama wa chai. Mimi nilikuwa karani wa masjala katika korti hiyo hiyo, msichana bado, nimeajiriwa juzi. Korti yenyewe sitaitaja. Ziko kadhaa upande ule na waliokuwepo wanajijua. Tulikuwa wapangaji wa ploti moja mjini Kitale, mlango wangu ukitazamana na wake, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Mke wake alikuwa amefariki na watoto wameshaenda zao. Kwa hiyo jioni akitaka mtu wa kumsikiliza, alikuwa na mimi, na alikuwa na samaki.

Nimeanza na samaki kwa sababu ni rahisi kuwasimulia. Jambo lenyewe ni kwamba kuna mtu alifungwa miaka kumi na miwili kwa sababu ya neno moja lililosikika vibaya. Mkalimani alijua, na mimi nilijua, na mtu huyo akaendelea kukaa ndani.

Lakini kwanza nikuonyeshe tangi. Lilitengenezwa na fundi wa vioo vya madirisha, likagandishwa pembe zake kwa gundi nyeusi iliyotoka vibaya upande mmoja, kwa hiyo daima palikuwa na kitambaa chini yake cha kunyonya matone. Ndani kulikuwa na mchanga wa mtoni, mawe matatu na nusu ya chungu kilichovunjika, kimefunikwa mdomo chini. Humo ndani ya chungu ndimo samaki walimoshinda. Mgeni alikaribishwa, akapewa kiti, akatazama tangi kwa dakika nzima, kisha akauliza kwa heshima, "Mzee, kwani hao samaki wako wapi?" Mkalimani alifurahia swali hilo kila mara. Alizima taa, akaweka kidole midomoni, na baada ya muda unaona sharubu zinatokeza kwenye ukingo wa chungu, kisha kichwa kipana, kisha samaki mzima, mdogo kama kidole cha mtu mzima, kahawia, mwenye madoadoa, hana gamba hata moja.

Walikuwa wa jamii ya kambare. Ukimshika mmoja mkononi nje ya maji alitoa sauti, mlio mwembamba wa mlango usiotiwa mafuta. Mara ya kwanza niliposikia nilimwachilia akaanguka sakafuni. Mkalimani alimwokota taratibu, akamrudisha majini, akasema, "Analalamika. Na hakuna wa kumtafsiria."

Aliwatunza kwa taratibu zisizovunjwa. Maji ya mfereji hayakuingia tangini siku hiyo hiyo. Yalilazwa kwenye ndoo wazi mpaka kesho yake ili dawa ya kampuni ya maji itoke. Chakula kilikuwa omena za kusaga, wale dagaa wa ziwani, kiini cha yai la kuchemsha, na minyoo ya bustanini aliyoikata kwa wembe juu ya gazeti. Stima ikipotea, na Kitale stima ilipotea sana, pampu ya hewa ilinyamaza. Hapo alichukua kikombe, akachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu, akachota, akamwaga, saa nzima, ili samaki wapate pumzi. Nilimkuta hivyo mara nyingi, gazeti mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia. Kama ungemwambia mtu wa korti kwamba Mkalimani anaweza kuwa mvumilivu, angekucheka.

Kwa maana kazini hakuwa na subira hata kidogo. Alizaliwa Bungoma mjini, karibu na msikiti, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kuombea chumvi mezani. Kibukusu alikiokota mtaani na Kisabaoti sokoni, Kiingereza shuleni. Sisi wengine, kwake yeye, Kiswahili tulikuwa tumekiazima na tulikuwa tunakirudisha kimechanika. Alichukia hasa tabia ya watu wa kwao Bungoma ya kubadilishana *r* na *l*. Mama wa chai aliingia masjala kila saa nne na birika lake.

"Mkarimani, nikupatie chai ya langi?"

"Mama, langi ni kitu gani?"

"Si ni hiyo unakunywanga kira siku, bana."

Naye alikunywa huku amekunja uso. Ngeli nazo zilimtia homa. Mtu akisema "mahali yangu" badala ya "mahali pangu," Mkalimani alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole na hataki kupiga kelele mbele za watu. Na upande wetu, tuambiane ukweli, ni nani anasema "mahali pangu"?

Pale kortini alisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, mikono nyuma. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia kwa kila karani mpya: "Sema ulivyosikia, si ulivyoelewa." Na aliifuata. Siku moja shahidi mmoja, mzee wa shamba aliyechoshwa na maswali, alimwambia hakimu kwa Kibukusu kwamba yeye ni punda. Sisi tunaojua lugha tuliinamisha vichwa. Mkalimani aligeuka kwa meza, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, sauti ileile anayosomea mashtaka, "Mheshimiwa, shahidi anasema wewe ni punda." Askari alitoka nje akacheke huko. Baadaye nilimuuliza kama hangeweza kulainisha. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Binti yangu, nikianza kulainisha leo, nitaacha lini?"

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia. Alikuwa pia mtu ambaye Ijumaa akitoka msikitini alipitia hotelini akaagiza kambare wa kukaanga, kichwa na yote, akamla kwa vidole hadi mifupa ikang'aa, kisha akaja nyumbani kusagia samaki wake omena. Nilimuuliza anawezaje. "Yule sikumjua," akasema.

Na alikuwa mtu wa kusubiri bure. Alipowapata wale samaki aliambiwa ni vifaranga, kwamba watakua wawe kambare wa kilo. Akawa anawapima kwa rula kupitia kioo. Mwaka ukaisha, hakuna aliyeongeza kitu. Akabadilisha chakula, akaongeza minyoo. Mwishowe akamleta afisa mmoja wa samaki aliyekuja kortini kwa kesi nyingine. Afisa aliinama, akatazama, akaanza kutikisika mabega.

"Mzee, hawa si watoto. Hawa ni watu wazima. Ni aina ingine ya mtoni, hawakuangi zaidi ya hapa."

Mkalimani aliirudisha rula mezani. Kisha akaniambia, "Mwaka mzima nawaita watoto," na akaona haya kabisa, haya ya mtu aliyemwamkia mkubwa wake kwa jina.

Sasa niseme walikotoka samaki wenyewe.

Asubuhi moja aliletwa kortini mtu wa Bokoli, mkulima, umri wa kati, shati limechanika begani. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka kwao hadi Saboti. Nyuma ya baiskeli alifunga ndoo ya samaki wadogo, kwa kuwa aliwauzia watu waliochimba vidimbwi vya kufugia. Na alikuwa na panga, kama kila mtu anayetoka shambani. Kule Saboti aliingia katika boma la watu waliomwoa binti yake, wakakosana maneno, akamkata baba wa yule mkwe mkono wa kulia. Mkono ukapona lakini vidole havikufunga tena. Polisi walileta mtu, baiskeli, panga na ndoo, vyote pamoja, vielelezo.

Mkalimani alimuuliza, kama sheria inavyotaka, anataka lugha gani. Mtu yule alisimama wima. "Kiswahili. Nimesoma." Ingekuwa rahisi aseme Kibukusu, lakini watu wanaona haya kusema lugha ya nyumbani mbele ya hakimu. Akasomewa shtaka, akakubali. Akaulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu. Akasema:

"Mheshimiwa, nirienda kuuriza mahali yangu. Akanitukana mbele ya wanawake. Hasira ikanishika."

Mkalimani akageuka kwa meza, akasema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa alikwenda kudai ardhi yake. Hakusema hata "mahali." Alisema "land." Mwaka huo kila faili iliyotoka upande wa Saboti ilikuwa ya mashamba, watu wakikatana kwa ajili ya mipaka, na hakimu alikuwa ameapa kuwafunza adabu. Alisema korti imechoka na watu wanaofuata ardhi kwa panga. Miaka kumi na miwili. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Mimi nilikuwa nimekaa pale na mafaili yangu. Nilisikia neno kama lilivyosikika na sikufikiri chochote.

Ndoo ilibaki kwenye korido, samaki tisa wakiwa wanatwetea juu ya maji. Hakimu alisema vitu vya kuharibika vitupwe. Askari alitaka kuwamwaga mtaroni. Mkalimani alichukua ndoo kutoka mkononi mwake, akaibeba hadi nyumbani kwa miguu, na tai yake shingoni, maji yakimrukia suruali. Wakati huo hakuwa na hatia yoyote moyoni. Alisema tu aliwaonea huruma. Napenda kuliweka hili wazi, kwa sababu baadaye watu wa ploti walioisikia nusu ya habari walidhani alifuga samaki kwa toba. Toba ilimkuta tayari anafuga.

Ilimkuta baada ya wiki tatu, kwa mlango wa masjala. Msichana alikuja na mtoto mgongoni, akasema amekuja kuchukua baiskeli ya baba yake, na ndoo kama ipo. Nilikuwa natafuta karatasi za kutia sahihi. Mkalimani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, anakunywa ile chai yake. Akamuuliza kwa upole baba alikuwa na shamba gani huko Saboti.

"Shamba? Baba hana shamba Saboti. Arienda kuuriza mahali yangu."

"Mahali gani?"

Msichana alimtazama kama anayefikiri mzee anamtania. "Si mahali. Zile ng'ombe za kuolewa. Nimekaa kwa hiyo boma miaka mine na hakuna hata moja imeletwa kwa baba."

Mkalimani aliweka kikombe chini. Kilikaa ukingoni mwa meza na nikakisogeza kisianguke. Msichana akatia sahihi, akaondoka akisukuma baiskeli.

Kama huelewi, na wa pwani hawataelewa upesi, ni hivi. Mtu wa Bokoli alipofika mbele ya hakimu aliona neno "ng'ombe" ni la nyumbani mno. Akatafuta neno la heshima, la vitabuni: mahari. Ulimi wake wa Bungoma ukaligeuza likawa "mahali." Na kwa kuwa huku kwetu kila mtu husema "mahali yangu," sikio la Mkalimani halikushtuka. Kama angesema ng'ombe tu, kama alivyosema bintiye, hakuna ambaye angetaja ardhi siku ile.

Jumapili iliyofuata Mkalimani aliniita nimshikie ndoo. Alikuwa na mkono ndani ya tangi hadi kiwiko, anasugua ukungu wa kijani kwenye kioo, na aliongea bila kunitazama.

"Alisema *yangu*," akasema. "Umesikia? Mahari yangu. Ngeli ilikuwa sawasawa. Mahali ingekuwa pangu. Miaka yote hii nasimama pale nikiomba Mungu aniletee mtu mmoja anayejua ngeli. Akaniletea. Mimi nikamhesabu na wale wengine wanaokosea."

"Mzee, nani angejua?"

"Mimi. Kwetu mahari ni neno la ndoa, ni haki ya mwanamke, kadhi analitamka mbele ya mashahidi. Mimi ndiye ningelijua." Akatoa mkono, maji yakachuruzika hadi kwenye mkeka. "Na sikusema nilichosikia. Nilisema nilichoelewa."

Akaniuliza anapaswa kufanya nini. Aliniuliza mimi, msichana wa miaka ishirini na kitu, kwa sababu sisi wawili tu ndio tulikuwa tumemsikia yule binti. Na nikamjibu. Namkumbuka samaki mmoja aliyekuwa ametoka chunguni mchana kweupe, anazunguka kwenye mchanga uliovurugwa, na mimi nikimwangalia huyo huyo huku nikisema.

"Achana na hayo, Mzee. Si alikubali alimkata? Angefungwa tu. Na wewe umebakisha miaka mitatu ustaafu. Ukiandika kwamba umetafsiri vibaya, watafungua kesi zote umewahi kusimama. Pensheni utaisikia kwa redio."

"Kwa hiyo ungependa ninyamaze."

"Ningependa ustaafu vizuri."

Alitikisa kichwa polepole, akarudisha chungu mahali pake. Nilijua kwamba mtu anaweza kuomba ruhusa ya kukata rufaa hata muda ukiwa umepita. Fomu zilikuwa kwenye kabati langu, rafu ya pili. Naye alijua. Tulijifanya wote wawili hatujui, na mimi nilirudi chumbani kwangu nikijiona nimemsaidia mzee wa watu.

Tangu hapo aliharibika kazini, ukiuliza hakimu. Mimi naona alikuwa mkalimani bora zaidi, ila hakuna korti ingeweza kumvumilia. Shahidi akisema sentensi moja, alimwambia, "Rudia." Akirudia, "Unamaanisha ng'ombe au shamba? Mtoto au kijana? Alikusukuma au alikugusa?" Kesi zikawa ndefu. Hakimu aligonga kalamu mezani. Mama wa chai aliendelea kuleta chai ya langi na Mkalimani hakumrekebisha tena, na mama wa chai, ambaye alikuwa amezoea, aliniuliza pembeni kama mzee ni mgonjwa.

Kwa samaki wake alizidisha. Aliwahesabu asubuhi na jioni. Alisafiri mara chache sana, na alipolazimika aliniachia ufunguo na karatasi yenye maagizo. Mara moja alikwenda Bungoma kwa mazishi siku nne. Wiki hiyo kulikuwa na tangazo la kipindupindu, na watu wa afya walipita kwenye maploti wakigawa dawa ya kutia kwenye maji. Nilitia kwenye jerikeni yangu ya maji ya kunywa. Kisha nikatazama tangi lile, maji yamepata ukungu kidogo, nikawaonea huruma samaki. Nikatia vifuniko viwili.

Alipokuta watano wanaelea hakunigombeza. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko cha mbao, akawafunga kwenye gazeti. Mimi nililia. Nilimwambia nilidhani nawasaidia.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijui nikuambie nini."

Alistaafu kwa keki na hotuba, na saa ya ukutani. Pensheni ilikuja, nilikuwa nimesema kweli kuhusu hilo. Alibaki Kitale mpaka Januari ile ya vita baada ya uchaguzi, wakati kila mtu aliyekuwa na kwao alikumbuka kwao. Aliacha kitanda, akaacha televisheni, akakata mdomo wa jeri na kuwaweka samaki wanne waliobaki humo, akaondoka nao kwenda Bungoma akiwa ameipakata jeri mapajani. Majirani waliobeba magodoro walimcheka, nao walikuwa wanahitaji kitu cha kuchekea.

Mimi nilihamishwa mwaka uliofuata, nikapata nyumba Bungoma. Nilikuwa nimepanda cheo, nina mtoto shuleni. Nilichukua miezi kabla ya kwenda kumwona, ingawa msikiti niliupita kila siku. Nilipokwenda alinipokea kwa furaha, akaniambia nimenenepa, akaniketisha mbele ya tangi. Lilikuwa lile lile, na gundi yake mbaya. Alikuwa amepoteza sikio moja karibu kabisa, na lile lingine ulilazimika kulielekea na kupandisha sauti.

"Nilikwenda jela kumwona," akasema kabla hata chai haijaiva.

Sikuuliza nani.

"Nilimwambia yote. Neno, herufi, land, kila kitu. Amezeeka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema hivi." Na Mkalimani akanyoosha mgongo, akaweka mikono nyuma, akamsema yule mtu kama alivyosema, *r* na *l* zikiwa pale pale alipoziweka mwenyewe. "'Mzee, mimi nirisikia ukisema land. Hiyo Kizungu najua. Nikajiuriza, kwa nini huyu anasema land na mimi nimesema mahali? Nikaona, ni mtu wa korti, anajua maneno yenye hakimu anapenda. Nikafikiri unanisaidia. Ndiyo nikanyamaza.'"

Akakaa tena.  Nilitaka kumshika mkono na sikumshika.

"Kisha akauliza habari za samaki," akasema. "Nikamwambia wamebaki wanne, hawajaongezeka hata nusu inchi. Akacheka, binti yangu. Ati, 'Hao hawakuangi. Nirikuwa nauzia watu tu.'" Mkalimani naye akacheka, kidogo, kisha akafuta macho kwa kofia yake.

Alikuwa ameamua. Jumatatu saa tatu angekwenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo, na mtu wa Bokoli ameshatia sahihi ombi la rufaa nje ya muda. Lakini wakili amemwambia kitu. Hati ya mzee mmoja asiyesikia vizuri, inayokuja miaka yote hii baadaye, wataiita hadithi. Inahitajika ya mtu wa pili: mtu aliyemsikia binti masjala, na aliyesikia Mkalimani akikiri wiki ile ile, ili ijulikane hakuibuni juzi.

"Hakuna mwingine," akasema. "Ni wewe."

"Watauliza kwa nini nilinyamaza."

"Watauliza. Nami wataniuliza."

Nikamwambia nitakuja. Nilimwambia kwa sauti kubwa, kwenye sikio zuri, na akanishukuru, akanifungia samosa za mtoto.

Jumatatu nilikwenda kazini. Sitaipamba. Nilikuwa na mkutano, lakini mkutano ulikuwa saa nane. Nilikaa mezani kwangu nikiangalia saa tatu inafika na inapita, nikasema moyoni kwamba hati moja itatosha. Haikutosha, na nitalisema hapa nisirudi tena: ombi lilikataliwa kwa aya fupi, kwamba hakuna kinachounga mkono kumbukumbu ya mkalimani mstaafu, na mtu wa Bokoli alikaa ndani mpaka siku yake ya kutoka ilipofika yenyewe.

Alhamisi ya wiki ile Mkalimani alikuja kuiwasilisha hati yake kwenye masjala yetu ya Bungoma. Alivaa koti na tai. Kulikuwa na foleni ndefu na alisimama kama wengine, hakuja mbele, na alipofika dirishani aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kaunta ni mimi. Sikuweza kuomba mtu anishikie zamu. Nilisema, "Mzee, ile Jumatatu," naye akasukuma karatasi chini ya kioo kabla sijamaliza.

Kazi yangu ni kusoma kabla ya kugonga muhuri. Nikasoma. Ilikuwa Kiingereza chake kile kilichonyooka, aya kwa aya: siku ile, kizimba, maneno ya mshtakiwa, kosa lake yeye. Binti alikuwepo, na baiskeli. Masjala ilikuwepo, lakini ndani yake hapakuwa na karani. Nilitafuta jina langu na sikuliona. Aya ya mwisho kabla ya sahihi ilisema kwamba tangu alipogundua kosa hilo hadi leo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, wala hakushauriana na yeyote, na kwamba anaapa hayo ni kweli.

Niliinua macho. Alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anavyomtazama shahidi aliyemaliza kusema.

"Kuna makosa, karani?"

"Hakuna, Mzee."

Akaweka kiganja nyuma ya sikio, akainama kuelekea kwenye tundu la kioo. "Umesemaje?"

Nikarudia kwa sauti, foleni nzima ikisikia, kwamba hakuna makosa, nikagonga muhuri.